Sura ya Sita: Walimu Watano Nyuma ya Darasa

Mwalimu wa shule ya msingi aliyekula chumvi nyingi kazini huwa na bahasha ya kaki aliyoihifadhi kabatini. Ndani yake mna barua ya ajira, barua za kupandishwa daraja na vyeti vya semina: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK), UKIMWI shuleni, mbinu shirikishi, stadi za maisha, utunzaji wa mazingira, haki za mtoto. Ninayo yangu pia, na sikibezi hata cheti kimoja. Kila kimoja kilitolewa na watu waliotaka mtoto wa Kitanzania asome vizuri zaidi.

Hata hivyo, mafunzo ya mwalimu yana kipimo ninachokiamini kuliko cheti. Mwalimu akirudi darasani Jumatatu, mtoto wa dawati la mwisho anapata nini ambacho Ijumaa hakukipata? Kwa kipimo hicho, katika miaka yote niliyoshika chaki, hakuna semina iliyonijenga kama somo moja la Hisabati la dakika arobaini, Darasa la Nne, ambalo wenzangu watano walikaa nyuma wakilitazama. Sura hii ni ya somo hilo. Ni ya sababu pia zinazonifanya niamini kwamba sehemu kubwa ya muda na fedha tunazotumia kumwendeleza mwalimu ingepaswa kwenda huko.

Nianze na utaratibu tuliouzoea. Likija jambo jipya, wawezeshaji wa kitaifa hufundishwa kwanza. Hao huwafundisha wa mikoa, wa mikoa huwafundisha wa wilaya, na wilaya huita mwalimu mmoja au wawili kutoka kila shule, ambao hurudi kutoa mrejesho kwa wenzao. Nchi kubwa kama yetu imelazimika kwenda hivyo. Wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, ada ilikuwa imefutwa na watoto wakafurika madarasani; walimu walihitajika haraka, hata wakawapo waliokaa chuoni mwaka mmoja na wa pili wakaumalizia kazini. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK kwa Darasa la Kwanza na la Pili. Januari 2024 ukaanza mtaala mwingine, kwa awamu. Kila mara kuna maelfu ya walimu wa kufikiwa kabla shule hazijafunguliwa, na mafunzo ya kushuka ngazi kwa ngazi ndiyo yanayowahi.

Tatizo liko kwenye ngazi ya mwisho. Mwalimu aliyetoka semina anasimama ofisini saa tisa alasiri, wenzake wakiwa na marundo ya madaftari mbele yao, na wengine wakihesabu muda wa daladala ya mwisho. Yaliyosemwa kwa wiki nzima yanapita kwa nusu saa. Wanaosikiliza wanaelewa, tena wanakubali kabisa. Kesho yake wanaingia kwenye chumba chenye watoto sabini na ubao mmoja, na pale hayupo wa kumuuliza: hapa sasa nifanyeje? Watafiti wawili wa Marekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, walilieleza jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walionyesha kwamba mwalimu anaweza kuelezwa mbinu mpya, akaonyeshwa inavyofanyika na akaifanyia mazoezi ukumbini, na bado isifike darasani kwake. Inafika pale anapopata mtu wa kuwa naye bega kwa bega wakati anaijaribu kwa wanafunzi wake mwenyewe. Mwalimu yeyote wa kata za kwetu angekuambia hivyo hivyo bila kusoma kitabu.

Ndiyo maana nilifurahi MEWAKA ilipoingia. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yanamtaka mwalimu ajifunze akiwa hapo hapo shuleni, ndani ya Jumuiya ya Kujifunza, na shule jirani zikutane kwenye klasta. Taasisi ya Elimu Tanzania imeandaa moduli, na nyingine zinapatikana mtandaoni kwa mwenye simu na bando. Ni fikra nzuri sana, kwa sababu inaiweka shule yenyewe kuwa mahali pa mwalimu kusomea.

Katika shule yetu, wilayani Muheza, jumuiya ilianza kwa kusoma moduli kwa sauti, kujadili, kuandika muhtasari na kusaini mahudhurio. Mazungumzo yalikuwa mazuri, ila yalielea juu juu. Tulisema watoto wa siku hizi hawasomi nyumbani, wazazi hawafuatilii, madawati hayatoshi. Yote ni kweli, na tungeweza kuyasema mpaka muhula uishe. Aliyetutoa hapo ni mwalimu wetu wa taaluma, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mama, hata Mwalimu Mkuu. Aliwahi kukaa kwenye mafunzo pamoja na walimu wa sayansi kutoka Kenya, na jambo alilolisikia kwao lilikuwa halijamtoka.

“Jamani walimu,” alituambia, “kwa nini tusiandae somo moja kwa pamoja, mmoja wetu akalifundisha, sisi wengine tukakaa na watoto tuone wanavyolipokea?”

“Mama, na vipindi vyetu atashika nani?” akauliza kijana mmoja wa ajira mpya.

“Hilo tutamwomba Mwalimu Mkuu. Kwanza niambieni kama mnataka.”

Tulitaka, ingawa kwa kusitasita. Katika kazi yetu, mtu mzima anayeingia darasani na kalamu mkononi huwa ni mthibiti ubora wa shule au mkubwa fulani kutoka halmashauri, na mwili wa mwalimu umezoea kumpokea kwa jasho. Mama alilijua hilo. Akasema hakuna atakayeandika jina la mwalimu mahali popote. Somo ni letu sote, likiharibika limetuharibikia sote.

Aliyokuwa ameyasikia kwa Wakenya yana historia ndefu. Asili yake ni Japani. Mwaka 1872 serikali ya Meiji ilitoa sheria ya kuanzisha shule kwa nchi nzima, na mwaka huo huo kikafunguliwa chuo cha ualimu Tokyo, ambako Mmarekani Marion Scott aliletwa kuonyesha jinsi ya kufundisha watoto wengi darasani kwa pamoja. Walimu wa Kijapani walizoea tangu zamani kujifunza kwa kutazamana wakifundisha, na baada ya miongo mingi desturi hiyo ikawa sehemu ya kawaida ya kazi yao. Wanaiita jugyō kenkyū, utafiti wa somo. Walimu wanachagua jambo linalowasumbua wanafunzi, wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha mbele ya wenzake, kisha wanakaa kulichambua, na mara nyingi linarekebishwa na kufundishwa tena kwa darasa jingine. Huko kuna masomo ya namna hiyo yanayotazamwa na mamia ya walimu kwa siku moja. Dunia ya nje ilikuja kulifahamu jambo hili zaidi mwaka 1999, James Stigler na James Hiebert walipochapisha kitabu chao cha kulinganisha ufundishaji wa Hisabati wa Japani, Ujerumani na Marekani kwa kutumia video zilizorekodiwa madarasani.

Afrika Mashariki jambo hili liliingia kwa mlango wa Kenya. Mwaka 1998 serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha Hisabati na Sayansi katika shule za sekondari. Ulianza kama majaribio katika wilaya tisa, zikiwemo Kajiado, Makueni, Kisii, Kakamega na Murang’a, na baadaye ukaenea nchi nzima. Kituo chake kilichoko Karen, Nairobi, leo kinaitwa CEMASTEA na kimepokea walimu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wakenya walikuwa na kanuni ya hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Walisisitiza pia kwamba mwanafunzi afanye kitu kwa mikono yake, na kwamba mwalimu asiyekuwa na maabara abuni vifaa kwa vilivyopo. Mama alikuwa amezishika hatua zile nne, na hasa ile ya tatu.

Tulichagua somo la sehemu. Asiyefundisha Hisabati hawezi kujua sehemu zinavyotutesa. Mtoto amekaa miaka mitatu akifundishwa kwamba nne ni kubwa kuliko tatu, na ni kweli. Kisha siku moja anaambiwa kwamba robo ni ndogo kuliko theluthi. Anatazama ubaoni, anaona 1/4 na 1/3, na kila alichojifunza kuhusu namba kinamwambia mwalimu amekosea. Watafiti wamelikuta jambo hili kwa watoto wa nchi nyingi zenye shule nzuri kuliko zetu, kwa hiyo si la uzembe wala la umaskini. Tulitaka kujua linavyokuwa kwa watoto wetu.

Maandalizi yalituchukua vikao kadhaa, na hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti. Andalio la somo ninalolijaza kila siku lina safu za umahiri, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, zana na tathmini. Mkono wangu unazijaza wenyewe. Andalio lile la pamoja lilikuwa na safu ambayo sikuwahi kuijaza: watoto watajibu nini, na kwa nini. Kila mmoja wetu aliandika kwenye karatasi yake majibu anayoyatarajia, kisha tukayalinganisha. Mwalimu wa Darasa la Tatu, aliyewalea watoto hao mwaka uliotangulia, aliandika mambo ambayo sisi wengine hatukuyawaza kabisa.

Tukabishana kuhusu zana. Muheza ni nchi ya machungwa, na msimu ulikuwa umeiva, kwa hiyo wazo la kwanza likawa chungwa. Ni rahisi kupatikana na kila mtoto analijua. Mwalimu wa Darasa la Tatu akalikataa papo hapo: pingili za chungwa hazilingani, moja nene na nyingine nyembamba, na sehemu isiyolingana na wenzake si sehemu tunayotaka kuifundisha. Tukahamia vipande vya karatasi. Kalenda za zamani zilikuwepo ofisini, tukakubaliana kuzikata vipande virefu vyembamba. Virefu kiasi gani? Mmoja akasema sentimita kumi, kwa kuwa watoto wamezoea kumi. Mama akaomba rula, akakata cha sentimita kumi, akamwambia aliyetoa wazo: “Nigawie mara tatu sawasawa.” Mwalimu yule akapima, akafikisha tatu na kidogo, akacheka. Tukachagua sentimita kumi na mbili, kwa sababu kumi na mbili inakubali kugawanywa kwa mbili, tatu, nne na sita bila kubakiza kitu. Uamuzi huo mdogo ulichukua karibu kikao kizima, na hakuna dakika ndani yake iliyopotea.

Jambo la mwisho lilikuwa ubao. Wajapani huupanga ubao kama ukurasa wa kitabu: unaanza kushoto, unakwenda kulia, na hakuna kinachofutwa mpaka kipindi kiishe, ili mtoto aliyechelewa kuelewa aweze kurudi nyuma kwa macho. Sisi huku, pengine kwa udogo wa mbao zetu, huandika na kufuta, kuandika na kufuta. Tulichora ubao mzima kwenye karatasi kabla, tukajua kila neno litakaa wapi.

Mimi ndiye niliyefundisha, kwa kuwa Darasa la Nne mkondo A lilikuwa langu. Mwalimu Mkuu aliwakusanya watoto wa madarasa mengine uwanjani kwa michezo chini ya walimu wawili, na watano wakapata nafasi ya kuja. Hawakujipanga ukutani wakiwa wamekunja mikono. Kila mmoja alivuta kigoda, akakaa karibu na dawati alilopangiwa, akiwa na kazi ya kutazama watoto wawili au watatu tu, mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na makatazo mawili: usimsaidie mtoto, na usimtazame mwalimu.

Katazo la pili ndilo lililonipa utulivu. Nilipoingia niliona migongo ya wenzangu imeinama kwenye madaftari ya watoto, na baada ya dakika chache nilisahau kama wapo.

Niliandika 1/3 na 1/4 ubaoni, nikawataka waandike kimya kimya ipi kubwa, kila mtu kwenye daftari lake. Kawaida ningeuliza kwa sauti, darasa zima lingejibu kwa pamoja, na ningeisikia ile sauti kubwa inayomfanya mwalimu aamini wote wameelewa. Safari hii palikuwa na kimya na kalamu. Wengi waliandika robo, kama tulivyokuwa tumekisia. Kisha nikagawa vipande vya kalenda, viwili viwili, nikawaomba kimoja wakigawe sehemu tatu zinazolingana na kingine sehemu nne, wapake rangi sehemu moja ya kila kipande, halafu walinganishe.

Kwa macho yangu, niliyekuwa mbele, somo lilikwenda vizuri. Rula zilizunguka, watoto walisogezeana, vipande vilikunjwa. Mwishoni wengi walinyoosha mikono kusema theluthi ndiyo kubwa. Ningekuwa peke yangu, ningeandika kwenye safu ya tathmini kwamba somo limeeleweka, na mkaguzi yeyote angekubaliana nami.

Alasiri, baada ya watoto kuondoka, tulikaa chini ya mwembe. Utaratibu ulikuwa kwamba aliyefundisha anaanza, kisha wengine wanasema walichokiona kwa macho, na sentensi kama “umefundisha vizuri” haikuruhusiwa, wala kinyume chake. Ukitaka kusema, sema mtoto gani alifanya nini.

Mwalimu wa Darasa la Tatu akatoa daftari lake. Alikuwa amekaa na binti mmoja mpole wa dawati la pembeni, mtoto ambaye kwangu alikuwa hana matatizo kwa sababu hakuwahi kunipa kazi. Binti alikuwa ameachana na rula, akakikunja kipande chake katikati, kisha akakikunja tena. Kilipofunguka kilikuwa na sehemu nne safi kabisa. Mimi mwenyewe nilipita nikaziona, nikampa alama ya vema. Nilipokwisha kupita, binti alichukua ncha ya penseli akagusa mikunjo mmoja mmoja: moja, mbili, tatu. Halafu akaandika juu ya kipande kile, theluthi.

Alihesabu mikunjo, hakuhesabu nafasi zilizo kati ya mikunjo. Kukunja kupata sehemu nne kunaacha mistari mitatu, na kwake mistari ndiyo iliyokuwa sehemu. Kila alichofanya kwa mkono kilikuwa sahihi, na kichwani alikuwa mbali kabisa na nilipodhani yupo. Usingeweza kulijua hilo ukiwa mbele ya darasa. Usingelijua hata ukisahihisha daftari lake, kwa kuwa pale ungeona kosa bila kuona lilivyozaliwa. Ilihitaji mtu mzima akae kigodani, aangalie ncha ya penseli ya mtoto mmoja.

Mwenzetu wa ajira mpya naye alikuwa na lake. Alimtazama mvulana ambaye tangu mwanzo, kabla hata karatasi hazijagawiwa, aliandika kwamba theluthi ni kubwa. Mmoja wa wachache waliopata. Walipokuwa wakikunja, jirani yake alimuuliza amejuaje. Akajibu: “Kwenye sehemu, namba ndogo ndiyo kubwa.” Alikuwa ameshika kanuni ya kugeuza, basi. Mwenzetu alipotusomea jibu lile, Mama akauliza: “Na ukimpa mbili ya tatu na tatu ya nne?” Tukatazamana. Kwa kanuni ile, mvulana angesema mbili ya tatu ni kubwa, na angekosa. Jibu sahihi la asubuhi lilikuwa limebeba kosa la wiki ijayo.

Tulikaa pale mpaka giza likaanza kuingia. Sikumbuki kikao chochote cha walimu ambacho watu wazima walijadili kwa uchangamfu kiasi kile, bila posho wala soda, kuhusu penseli ya mtoto wa miaka kumi.

Wiki iliyofuata somo lilirudiwa kwa mkondo B, na kijana wetu wa ajira mpya ndiye aliyefundisha. Tulikuwa tumelirekebisha. Kabla ya kuhesabu chochote, kila mtoto alitakiwa kupaka kila nafasi rangi yake, ili jicho lione vipande na kuiacha mistari. Mwishoni, kwa vipande vipya, tukaongeza swali la Mama: ipi kubwa, 2/3 au 3/4? Nilikaa na watoto wawili niliopangiwa nikiwa na daftari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa ndani ya kipindi bila wajibu wa kuongea. Sikuwa nimewahi kujua ni mambo mangapi yanayotokea kwenye dawati moja kwa dakika arobaini. Mtoto anaanza, anafuta, anachungulia kwa jirani, anakata tamaa, anarudi. Mwalimu aliye mbele anaona kichwa kilichoinama.

Swali la mwisho liligawa darasa. Msichana mmoja wa mbele yangu aliviweka vipande vyake viwili sambamba, ncha zikilingana, akavitazama kwa muda. Rangi ilikuwa imefika theluthi mbili kwenye kimoja na robo tatu kwenye kingine. Akaweka kidole kwenye nafasi iliyobaki nyeupe ya kila kipande. Kisha akamwambia mwenzake: “Hii imebakiza kidogo, kwa hiyo ndiyo kubwa.” Robo iliyobaki ni ndogo kuliko theluthi iliyobaki, basi robo tatu imezidi. Hatukumfundisha njia hiyo, na haikuwemo kwenye kitabu chetu cha kiada. Nililiandika neno lake kama alivyolisema, na alasiri ile nililisoma mbele ya wenzangu kwa fahari kama aliyelisema ni mwanangu. Tangu hapo ndiyo njia ninayowapa watoto wanaokwama kulinganisha sehemu za aina hiyo.

Sitaki msomaji afikiri kwamba shule ilibadilika kwa somo moja. Wapo waliobaki na robo yao kubwa mpaka muhula ukaisha. Lakini kuna mambo yaliyokaa. Kuandika kimya kabla ya kujibu kwa sauti limekuwa jambo la kila siku kwangu, katika kila somo. Ninapopita kwenye madawati ninasimama muda mrefu kwa watoto wachache, badala ya kuzunguka darasa zima kwa haraka nikitia vema. Na ninapomwona mtoto kapata, namuuliza amepataje. Kwa upande wa wenzangu, mwalimu wa Kiswahili alituomba tumsaidie kuangalia watoto wa Darasa la Pili wanavyosoma silabi, na mlango wa darasa lake ulikuwa wazi kabla hatujabisha. Afisa Elimu Kata alipopata habari alikuja, akavuta kigoda kama sisi, akatazama watoto wawili, akatusomea alichokiona. Baadaye klasta nzima ikaanza kuulizana nani ataandaa somo linalofuata.

Najua vikwazo, na ni vikubwa. Shule yenye walimu sita na madarasa saba haiwezi kuwatoa watano kwa wakati mmoja. Ianze na wawili. Darasa la watoto mia moja halina nafasi ya vigoda. Wakae kwenye madawati ya mbele, wageukie watoto. Suala la posho nalo lizungumzwe bila kuoneana haya. Mwalimu aliyeitwa semina amekuwa akipata nauli na chochote cha kupeleka nyumbani, na kwa mshahara wetu si kitu cha kudharau. Anayetaka mwalimu abaki mpaka jioni amfikirie walau chakula cha mchana.

Kuna kikwazo kimoja ambacho sina subira nacho, nacho ni tamaa ya kuligeuza jambo hili kuwa upimaji wa mtumishi. Tuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, tuna uthibiti ubora, tuna Tume ya Utumishi wa Walimu, na kila kimoja kina kazi yake. Somo la jumuiya lisiingizwe kwenye mfumo wowote kati ya hiyo. Siku ambayo daftari la mwenzangu litatumika kunipa alama, nitafundisha somo salama nililokwisha kulifundisha mara nyingi, watoto wangu werevu watakaa mbele, na hakuna atakayemwona binti wa dawati la pembeni. Walimu tunajua kuigiza. Kinachotufanya tuache kuigiza ni uhakika kwamba tulioandaa somo tumeliandaa pamoja na lawama yake ni yetu pamoja.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu unayesoma hapa, chukua ratiba ya muhula ujao uweke siku moja kwa mwezi yenye jina la somo hilo, kama unavyoweka siku ya usafi na siku ya mtihani wa majaribio. Watafute wa kushika madarasa mengine siku hiyo, na siku ya kwanza ukae kigodani wewe mwenyewe. Afisa Elimu Kata, nenda ukatazame watoto, na ofisini kwako uache jalada la makosa. Na wewe mwalimu mwenzangu ambaye mlango wako umefungwa kwa miaka, mwalike mwenzako mmoja unayemwamini, mpe kigoda na daftari, mwonyeshe mtoto mmoja usiyemwelewa, na umwombe asikutazame wewe.